Ndoto ya Mmoja, Deni la Kijiji



Wengi wetu jina Huron tulikutana nalo darasani. Mwalimu wa jiografia alitundika ramani ya Amerika Kaskazini, akatukaririsha maziwa makuu matano mpaka yakakaa kichwani: Superior, Michigan, Huron, Erie, Ontario. Tukafanya mtihani, tukafunga daftari. Hatukuambiwa kwamba kabla ya kuwa jina la ziwa, Huron lilikuwa jina la watu. Leo nataka niwazungumzie watu hao, hasa jambo moja waliloliheshimu mno, nalo ni ndoto.

Wao wenyewe walijiita Wendat. Huron ni jina walilopachikwa na Wafaransa, wala halikuwa jina la heshima. Mara nyingi huelezwa kwamba limetoka kwenye neno la Kifaransa la kichwa cha nguruwe mwitu, na kwamba lilitumika pia kumbeza mtu mshamba. Mtu huitwa kwa jina lake, kwa hiyo kuanzia hapa nitasema Wendat.

Turudi nyuma miaka mia nne. Wendat wanaishi kwenye kipande cha nchi kilicho kati ya Ghuba ya Georgian, ambayo ni sehemu ya Ziwa Huron, na Ziwa Simcoe, katika jimbo ambalo leo ni Ontario, nchini Kanada. Wanakadiriwa kuwa kati ya watu 20,000 na 30,000. Wamejigawa katika mataifa yenye baraza moja: watu wa Dubu, wa Kamba, wa Mwamba, wa Kulungu. Wanawake wanalima mahindi, maharage na maboga. Wanaume wanavua, wanawinda, na wanakwenda safari za biashara kwa mitumbwi ya magome ya miti. Ukoo unahesabiwa upande wa mama. Nyumba zao ni ndefu, zimefunikwa kwa magome, na katikati mioto imepangwa kwa mstari, kila moto ukizihudumia familia mbili zinazotazamana. Zishikeni nyumba hizo akilini. Mtu akiota usiku ndani ya nyumba kama hiyo, asubuhi ndoto yake haikai peke yake.

Habari zao za wakati ule tunazipata kwa sehemu kubwa kwa Wafaransa. Samuel de Champlain alikaa kwao majira ya baridi ya 1615 na 1616. Bruda Gabriel Sagard, Mfransisko, alikaa huko 1623 hadi 1624. Padri Jean de Brébeuf, Mjesuiti, alifika mwaka 1626, akaondoka, akarudi 1634 pamoja na wenzake, na tangu hapo kila mwaka taarifa ndefu zilipelekwa Ufaransa na kuchapishwa Paris. Wamisionari hao walijifunza lugha ya wenyeji, wakala chakula chao, wakalala moshi machoni kando ya mioto yao. Walisikia mengi na waliyaandika kwa makini. Lakini walikwenda huko wakiamini kwamba wamekwenda kupigana na ibilisi. Basi anayewasoma leo inambidi atenganishe walichokiona na hukumu yao, maana hukumu walikuwa nayo kabla hawajapanda mtumbwi.

Tuanze na neno moja: oki. Kwa Wendat, oki ni yeyote au chochote chenye nguvu zinazopita uwezo wa kawaida wa binadamu. Mbingu ilikuwa na oki wake, anayeongoza majira, pepo za ziwani na mawimbi, na watu walipofunga mapatano makubwa waliitaja mbingu kuwa shahidi. Maziwa, mito na miamba fulani ilikuwa na oki. Mganga hodari aliweza kuitwa oki, na shujaa asiye na mfano vilevile. Kwenye njia ya mitumbwi kuelekea Quebec palikuwa na mwamba ambao wasafiri hawakuupita hivihivi. Walisimama, wakauwekea tumbaku, wakaomba wafike salama na warudi salama.

Samaki nao walikuwa na roho. Wavuvi hawakutupa mifupa ya samaki motoni, kwa kuwa roho za samaki wale zingekwenda kuwaonya wenzao, na nyavu zingerudi tupu. Wakati wa uvuvi alikuwapo mtu maalumu wa kuwahutubia samaki jioni, akiwabembeleza waje kwa ujasiri kwa sababu watapokewa kwa heshima. Nyavu zenyewe zilikuwa na oki, na kila mwaka waliziozesha wasichana wawili wadogo, desturi waliyoichukua kwa majirani zao Waalgonkini. Hayo ndiyo mazingira ya kulala na kuamka kwa Wendat: ulimwengu uliojaa wenye kusikia, wenye kukasirika na wenye kushukuru.

Wamisionari walipolitafsiri neno oki, mara nyingi waliandika shetani. Sisi kwa Kiswahili tuna maneno mengi ya kuchagua: pepo, jini, mzimu, shetani. Nimelipima kila moja, na kila moja limekuja na mzigo wake. Jini ana historia yake ya dini na ya bahari, mzimu una makaburi yake na matambiko yake. Oki anaweza kukaa ndani ya jiwe au ndani ya mtu, anaweza kutenda wema au madhara. Nimeona ni haki nimwache na jina lake.

Sasa sikilizeni jinsi dunia ilivyoanza. Masimulizi haya Brébeuf aliyaandika mwaka 1636. Juu ya anga palikuwa na nchi kama hii yetu, na huko aliishi mwanamke aitwaye Aataentsic. Mumewe aliugua. Akiwa mgonjwa akaota kwamba dawa yake ni matunda ya mti fulani, mti ambao watu wa juu waliutegemea kwa chakula. Ukatwe, ale matunda yake, atapona. Aataentsic akachukua shoka. Pigo la kwanza tu, mti ukapasuka, ukatumbukia chini hadi usionekane. Akaenda kumweleza mumewe, akarudi pale ulipokuwa mti, akajitupa kuufuata.

Chini kulikuwa maji matupu. Kobe akainua kichwa, akamwona mwanamke anaanguka. Akaita baraza la wanyama wa majini: tufanye nini? Wakakubaliana kupiga mbizi. Wakazoa udongo kutoka kilindini, wakaurundika mgongoni kwa kobe, na Aataentsic akatua juu yake taratibu. Kisiwa hicho ndicho dunia.

Aataentsic alikuwa mjamzito. Akazaa binti, na binti akazaa watoto wawili wa kiume, Iouskeha na Tawiscaron. Ndugu hao waligombana wakapigana. Iouskeha alishika pembe ya kulungu, Tawiscaron alishika matunda ya waridi mwitu. Tawiscaron akajeruhiwa, akakimbia, na kila tone la damu yake lililoanguka likageuka jiwe la gumegume. Iouskeha ndiye aliyewafungulia watu mito na maziwa na kuwastawishia mahindi. Bibi yake, Aataentsic, ndiye mwenye kusimamia roho za waliokufa.

Yapo masimulizi mengine ya jinsi alivyoanguka. Lakini katika haya kuna jambo la kushika: dunia imeanza kwa ndoto ya mgonjwa, na kwa mtu wa nyumbani mwake aliyeinuka akachukua shoka ili ndoto hiyo itimie. Kwa Wendat, kila nyumba yenye mgonjwa ilirudia kisa hicho kwa namna yake.

Aliyeyaeleza mafundisho yao ya ndoto kwa uwazi zaidi ni padri Paul Ragueneau, katika taarifa ya mwaka 1648. Alieleza kwamba kwa imani ya Wendat mtu ana matakwa ya aina mbili. Yapo anayoyajua: nimeona kitu kizuri, nakitaka. Na yapo mengine ambayo roho imezaliwa nayo, yaliyozama ndani kabisa, ambayo mwenyewe hayajui. Haja hiyo ya siri waliiita ondinnonk. Roho haina njia nyingine ya kuisema isipokuwa ndoto. Ikisema ikasikilizwa, ikapewa inachotaka, inatulia. Ikisema ikapuuzwa, inakasirika. Roho yako mwenyewe inakugeuka, na mwili unaanza kuugua, na unaweza kufa.

Walitambua sababu tatu za ugonjwa. Ya kwanza ni ya kawaida: jeraha, baridi, chakula kibaya, na tiba yake ni mitishamba, kutoka jasho, kufunga jeraha. Ya pili ni uchawi, yaani chuki ya mtu mwingine. Ya tatu ni hiyo haja ya roho isiyotimizwa. Mgonjwa alipokuwa haikumbuki ndoto yake, au haielewi, aliitwa mganga, arendiwane, mtu mwenye oki wa kumsaidia. Mganga alitazama ndani ya maji au motoni, au alifunga kula na kujifungia kwenye kibanda cha mvuke, mpaka akaona roho ya mgonjwa inataka nini.

Hapo ndipo shughuli ilipoanza, na ndipo ninapotaka tukae kidogo. Orodha ya vitu vinavyotakiwa haikuachwa mikononi mwa mume au mama wa mgonjwa. Ilipelekwa kwa wazee wa kijiji. Baraza lilikaa. Kijiji kizima kiliambiwa: roho ya fulani inataka kitu hiki na hiki, nani anacho? Na watu walitoa, tena kwa kushindana. Pengine roho ilitaka ngoma, pengine karamu, pengine mchezo wao wa mpira unaochezwa kwa fimbo zenye wavu. Basi vijana waliingia uwanjani wakacheza kwa ajili ya mtu aliyelala kitandani.

Ngoja niwape kisa kimoja kilichoandikwa katika taarifa ya mwaka 1639. Mwanamke mmoja, mzaliwa wa kijiji kikubwa cha Ossossané, ameolewa katika kijiji cha jirani cha Angoutenc. Usiku mmoja wa majira ya baridi anatoka nje ya nyumba akiwa amembeba bintiye mdogo. Anainua macho, anaona mwezi unashuka. Unashuka mpaka mbele yake, nao ni mwanamke mrefu, mzuri, ambaye naye amebeba mtoto wa kike kama wake. Yule wa mwezini anamwambia kwamba anampenda. Anataka mataifa yote ya nchi yamletee yule mama zawadi, kila taifa na kitu chake. Anamwambia tena kwamba kwa kuwa yeye wa mwezini ni moto, basi naye avae rangi ya moto kuanzia kichwani mpaka miguuni.

Mama huyo akarudi ndani, akapatwa na kizunguzungu, akaugua. Habari zikafika Ossossané, kwao alikozaliwa. Wakuu wakakutana, wakakubali kufanya sikukuu kubwa. Wakamchukua kwenye kapu, wakambeba kupita theluji, na watu wakiimba nyuma yake. Alipofika akataja anayotaka, zawadi 22. Walitakiwa mbwa sita wa umbo na rangi maalumu, mikate 50 ya tumbaku, mtumbwi mkubwa, na blanketi la buluu, ambalo sharti liwe la Mfaransa. Mavazi mekundu nayo yakatafutwa. Mjumbe akazunguka, na zawadi zikaingia moja baada ya nyingine mpaka zikatimia, isipokuwa blanketi. Wajesuiti walikataa kulitoa, wakisema hawawezi kumtii shetani.

Usiku wa sikukuu mama huyo, ambaye juzi alibebwa, alipita ndani ya nyumba zote za kijiji, akikanyaga katikati ya mioto, mamia ya mioto. Kisha wagonjwa wengine wote na wenye ndoto nao wakapata zamu yao. Sikukuu hiyo iliitwa Ononharoia, maana yake ni kupinduka kwa akili. Watu waliingia nyumba hadi nyumba wakijifanya wamerukwa na akili, na kila mmoja alieleza alichokiota kwa fumbo. Hakusema wazi. Alitega kitendawili, na waliokuwamo walitegua: ni kisu? ni kibuyu? ni ngozi ya dubu? Walimpa hiki na kile. Alipopewa kile hasa alichokiota alishangilia, kwa sababu alijua maisha yake yamesalimika. Sikukuu ilipoisha, vitu ambavyo havikuwamo ndotoni vilirudishwa kwa wenyewe.

Fikirini, wasikilizaji, kazi ya usiku kama huo. Mtu amebeba haja moyoni, hathubutu au hawezi kuitamka. Jirani zake wanakaa chini, wanahangaika kuikisia, na hawaondoki mpaka waipate. Sisi tunajua utamu wa kitendawili kinachoteguliwa jioni. Kwao, kutegua ilikuwa kumponya mtu.

Lakini nisiwafiche gharama yake. Sagard anasimulia kisa cha paka. Mapadri walikuwa wamempa mkuu mmoja wa Wendat paka, mnyama mgeni kwao aliyethaminiwa sana. Mwanamke mgonjwa akaota kwamba akimpata paka yule atapona. Mkuu akaarifiwa, akamtoa mara moja. Ila binti yake alimpenda paka yule kupita kiasi. Hakutaka kumnyima mgonjwa msaada, kwa hiyo hakupinga. Lakini huzuni ilimwingia, akaugua, akafa. Kisa hicho kifupi kinaonyesha uzito wa desturi yao. Kutoa kulikuwa kutoa kweli, kitu chenye kuuma.

Na ndoto ya kutisha je? Mwaka 1642 iliandikwa habari ya mwanamume aliyeota ametekwa na adui na anachomwa moto. Wazee wakakaa kuijadili ndoto hiyo. Ilikuwa hatari kwake na kwa wote. Wakaamua itimizwe kwa kiasi, ili isije ikatimia yote vitani. Wakawasha mioto kadhaa ndani ya nyumba, wakashika vijinga, na yule mtu akapita katikati akiunguzwa. Mwishoni akamkamata mbwa, akamwinua kama kafara kwa oki wa vita, akiomba mbwa achukuliwe mahali pake. Mbwa akachinjwa, akaliwa kwenye karamu. Jambo hilo ni gumu kulisikia. Lakini tazama ndani yake: mtu mwenye hofu ya kifo hakuambiwa aache upuuzi. Walimpitisha katika hofu yake wakiwa naye, wakamtoa upande wa pili akiwa hai.

Si kila ndoto ilipewa uzito. Brébeuf aliona kwamba alitazamwa pia mwotaji. Mkuu au mtu mwenye sifa alisikilizwa upesi; maskini ambaye ndoto zake hazikuwahi kuthibitika aliweza kuota mara tatu nne bila mtu kujisumbua. Walikuwa binadamu kama sisi, wenye vyeo na upendeleo wao. Hata hivyo Brébeuf mwenyewe alikiri kwamba mkuu akisema hivi na ndoto ikasema vile, watu wangeifuata ndoto kwanza.

Zilikuwapo pia ndoto za kutafutwa. Mwendat mmoja mzee, aliyekuja kubatizwa, alisimulia kwamba alipokuwa na umri wa miaka 15 au 16 aliingia msituni kufunga. Siku 16 hakula kitu, alikunywa maji tu. Ndipo akamwona mzee wa uzuri wa ajabu akishuka kutoka juu, akimwambia asiogope, ataishi mpaka uzee na atapata watoto wanne. Mzee akampa kipande cha nyama ya mtu. Kijana akageuza uso kwa kuchukizwa. Akampa kipande cha mafuta ya dubu, naye akala. Maisha yake yote alikuwa mwindaji mwenye bahati, na katika vita hakupata sifa kubwa. Yeye mwenyewe aliielewa sababu: angeikubali ile nyama ya kwanza, angekuwa shujaa wa vita. Mvulana wa miaka 15 alijiuliza peke yake msituni atakuwa mtu wa namna gani, na jibu alilopata likamtosha kuishi nalo mpaka mvi.

Hata kifo hakikukata uhusiano huu. Wendat waliamini mtu ana roho mbili, na moja hubaki karibu na mifupa. Neno lao la mifupa ya marehemu lilikuwa ndilo la roho. Kila baada ya miaka kumi au kumi na miwili vijiji vilitoa mifupa ya wapendwa wao makaburini, vikaisafisha, vikaibeba hadi kwenye shimo moja kubwa na kuizika pamoja. Brébeuf alishuhudia sikukuu hiyo Ossossané mwaka 1636: shimo lilitandikwa majoho 48, kila moja limeshonwa kwa ngozi kumi za biva, yule mnyama wa majini mwenye manyoya mazito. Baada ya hapo roho zilisafiri kwenda kijiji chao cha magharibi, zikifuata ule ukanda mweupe wa nyota angani. Roho za wazee sana na za watoto wachanga hazikuwa na nguvu ya safari. Zilibaki karibu, zikalima mashamba yaliyoachwa, na mara nyingine watu walisikia mlango wao ukifungwa, au sauti za watoto wakifukuza ndege shambani.

Wasikilizaji, ulimwengu huu ulipigwa kwa miaka kumi na mitano. Tangu 1634 magonjwa yaliyoingia na Wazungu yalizunguka vijijini, na mwaka 1639 ikafika ndui. Ilipofika 1640, karibu nusu ya Wendat walikuwa wamekufa. Wengi waliwashuku Wajesuiti kuwa ni wachawi, na mtu akihesabu makaburi ambayo kila nyumba ilikuwa nayo, anaelewa kwa nini. Wajesuiti nao walimtaka kila aliyeomba ubatizo aache kuzitii ndoto. Maana yake aache ngoma za wagonjwa, aache sikukuu ya mafumbo, asitoe kitu chake roho ya jirani inapokiomba. Walidhani wanamtoa kwa shetani. Walikuwa wanamtoa pia kwenye mtandao wa kutunzana.

Na Brébeuf mwenyewe alipata maono. Mwaka 1640 aliona angani msalaba mkubwa ukitokea upande wa nchi ya Wahaudenosaunee, wale ambao Wafaransa waliwaita Wairoki. Wenzake walimwuliza ulikuwa mkubwa kiasi gani. Akajibu kwamba unatosha kuwasulubisha wote. Hakuna aliyemwambia ni upuuzi, na kanisa lake limeyahifadhi maono hayo kwa heshima mpaka leo. Naamini anastahili heshima hiyo. Ninachosema ni kwamba yule mama wa Angoutenc aliyeuona mwezi ukishuka alistahili masikio hayohayo.

Machi 1649 Wahaudenosaunee walivamia. Brébeuf aliteswa akauawa. Wendat wakachoma vijiji vyao wenyewe wakakimbia. Wengi walikufa njaa majira ya baridi yaliyofuata kwenye kisiwa cha Gahoendoe. Mwaka 1650 kiasi cha watu 300 wakafika karibu na Quebec, ambako uzao wao uko hadi leo, mji wa Wendake. Wengine wakachukuliwa na mataifa ya Wahaudenosaunee. Wengine walikwenda magharibi, wakajulikana kama Wyandot, na leo wako Michigan, Kansas na Oklahoma, Marekani.

Mwaka 1958 mwanaanthropolojia Anthony Wallace aliandika makala akionyesha kwamba Wahaudenosaunee na Wendat, katika karne ya 17, walikuwa wamekwisha kufahamu kwamba mtu ana matakwa yaliyofichika hata kwake mwenyewe, kwamba matakwa hayo husema katika ndoto, na kwamba yakizuiwa huleta ugonjwa. Ulaya ilikuja kumsikia Sigmund Freud akisema mambo ya karibu na hayo katika kitabu chake cha mwaka 1900. Iko tofauti moja ninayotaka tubaki nayo. Mgonjwa wa Freud alisimulia ndoto yake kwa daktari mmoja, chumbani, mlango umefungwa. Mgonjwa wa Wendat aliisimulia kijijini, na kijiji kikaona kimepata deni.

Agosti 1999, wazao wa Wendat walitoka Quebec, Kansas, Michigan na Oklahoma wakakutana Ossossané. Mifupa ya lile shimo la 1636 ilikuwa imefukuliwa na watafiti katika miaka ya 1940, ikahifadhiwa kwenye jumba la makumbusho Toronto. Wakairudisha ardhini, mahali pake. Huko Wendake, tangu mwaka 2007, lugha yao iliyokuwa imenyamaza inafufuliwa kwa kutumia kamusi na maandishi ya wale wale wamisionari. Maandishi yaliyokusudiwa kuifuta dini yao yamekuwa akiba ya lugha yao.

Sina la kuwaagiza kuhusu ndoto zenu, kila mmoja ana imani yake. Ombi langu ni dogo. Mgonjwa wako akikwambia asubuhi, nimeota hivi na hivi, usiwahi kumpa jina la shetani, wala usiwahi kumwambia ni malaria tu. Vuta kigoda. Mwulize: na moyo wako unataka nini? Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.